Elementi Zilizo Kimiminika katika Halijoto ya Chumba: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ni elementi ngapi zilizo kimiminika katika halijoto ya chumba?

Ni mbili tu, zebaki na bromini. Kati ya elementi 118 zinazotambuliwa hivi sasa, hizo ndizo pekee zilizothibitishwa kwa vipimo kuwa kimiminika katika nyuzi 25 za Selsiasi na kanieneo ya kawaida ya hewa. Elementi 11 ni gesi, nazo ni haidrojeni, naitrojeni, oksijeni, florini, klorini, pamoja na gesi sita adimu kuanzia heliamu hadi radoni. Zilizosalia ni yabisi, ukiziweka kando zile nzito za kutengenezwa maabara ambazo hazijawahi kupatikana kwa kiasi cha kutosha kuchunguzwa kwa macho.

Jibu hilo ni sahihi, ila limebeba sharti ambalo wengi hulipita bila kuliona: limefungwa kwenye nyuzi 25. Ukilisogeza sharti hilo nyuzi nne au tano tu, hesabu inabadilika, na karibu mabishano yote kuhusu orodha hii hutokana na watu wawili kupima kwa nyuzi mbili tofauti bila kuambiana.

Kwa nini nyuzi 25, na si 20 au 30?

Ni makubaliano ya wanasayansi, si kanuni ya maumbile. Majedwali mengi ya sifa za kemikali huandikwa kwa nyuzi 25, yaani 298.15 katika kipimo cha Kelvini, ilhali baadhi ya vipimo vya densiti hufanywa kwa nyuzi 20. Kuna pia hali sanifu ya nyuzi 0 inayotumika katika hesabu za gesi, ambayo wanafunzi wengi huichanganya na halijoto ya chumba. Kwa bahati njema, mkanganyiko huo hauharibu jibu letu, kwa sababu zebaki na bromini ni kimiminika katika nyuzi 0, nyuzi 20 na nyuzi 25 vilevile.

Mbona baadhi ya vitabu hutaja elementi nne, tano, au hata sita?

Kwa sababu ziko elementi zinazoyeyuka juu kidogo tu ya mstari huo. Siziamu huyeyuka katika nyuzi 28.4, galiamu katika nyuzi 29.76, na rubidiamu katika nyuzi 39.3. Fosforasi nyeupe nayo huyeyuka katika nyuzi 44.15, lakini hilo ni umbo moja tu la fosforasi. Fosforasi nyekundu, ambayo ni imara zaidi, haiyeyuki hata ukiichemshia majini.

Njia nzuri ya kulielewa jambo hili ni kuifuata halijoto inapopanda. Katika nyuzi 40 chini ya sifuri zebaki imekwisha kuganda, na elementi pekee iliyo kimiminika ni klorini, inayochemka karibu na nyuzi 34 chini ya sifuri. Klorini huganda karibu na nyuzi 101 chini ya sifuri, ilhali radoni, inayochemka karibu na nyuzi 62 chini ya sifuri, imeshakuwa gesi. Orodha ya baridi kali ina wenyeji wake, tofauti na wa chumbani. Tukija juu, katika nyuzi 10 chini ya sifuri klorini ni gesi na bromini bado imeganda, hivyo zebaki inabaki peke yake. Katika nyuzi 25 ziko mbili. Katika nyuzi 30 zinakuwa nne, katika nyuzi 40 zinakuwa tano, na katika nyuzi 45, ukiihesabu fosforasi nyeupe, zinakuwa sita. Kisha hesabu inarudi nyuma, kwa kuwa bromini huchemka karibu na nyuzi 59 na kutoka kwenye orodha kwa upande wa juu.

Mwandishi anayetaja elementi nne basi hajakosea, mradi aseme kwamba chumba chake kina nyuzi 30. Asiposema, amewaachia wasomaji wake ugomvi.

Kwa nini zebaki ni kimiminika ilhali metali jirani zake zote ni yabisi?

Hili ndilo swali lenye utamu kuliko yote, na vitabu vingi vya shule hulikwepa. Tazama majirani wa zebaki katika jedwali la elementi. Kushoto kwake ipo dhahabu, ambayo huyeyuka katika nyuzi 1,064. Kulia ipo thaliamu, ambayo huyeyuka katika nyuzi 304. Juu yake, katika safu yake mwenyewe, zipo kadimiamu yenye nyuzi 321 na zinki yenye nyuzi 419.5. Katikati ya hizo zote, zebaki huyeyuka katika nyuzi 38.83 chini ya sifuri. Tofauti kubwa kiasi hicho haiwezi kuwa ya kubahatisha.

Sehemu ya kwanza ya maelezo ni ya kawaida. Atomi za metali hushikana kwa kuchangia elektroni zao za nje, na elementi za safu ya zinki, kadimiamu na zebaki zina elektroni mbili za nje zilizokamilisha jozi yake, kwa hiyo haziko tayari kuchangiwa. Ndiyo maana hata zinki na kadimiamu huyeyuka mapema kuliko shaba na fedha zilizo kando yake. Sababu hiyo, hata hivyo, haitoshi kuiteremsha zebaki hadi chini ya sifuri.

Sehemu ya pili inatoka katika nadharia ya uhusianifu ya Einstein, ambayo wengi huidhani kuwa ni habari ya nyota na vyombo vya angani tu. Kiini cha atomi ya zebaki kina protoni 80, na mvuto wake ni mkubwa kiasi kwamba elektroni za ndani kabisa huenda kwa kasi inayokaribia asilimia 58 ya kasi ya nuru. Katika kasi hiyo elektroni huwa kama zimeongezeka uzito, na njia zake husogea karibu zaidi na kiini. Athari hiyo hufika hadi kwenye jozi ya nje: nayo hujikunyata, hushikwa barabara na kiini chake, na kukosa hamu ya kushirikiana na atomi jirani. Atomi za zebaki zinabaki zikishikana kwa unyonge, na joto dogo tu linatosha kuziachanisha.

Kwa muda mrefu maelezo hayo yalikuwa dhana iliyokubalika bila hesabu kamili ya kuithibitisha. Mwaka 2013 kundi la watafiti lilichapisha hesabu za kompyuta zilizolinganisha zebaki halisi na zebaki ya kufikirika isiyoguswa na athari za uhusianifu. Ile ya kufikirika iliyeyuka katika nyuzi zipatazo 82. Kwa maneno mengine, bila Einstein zebaki ingekuwa kipande cha metali cha kukamatika mkononi, na kipimajoto kingebidi kibuniwe kwa kitu kingine. Athari hiyohiyo ndiyo inayoipa dhahabu rangi yake ya manjano, badala ya weupe wa fedha.

Je, zebaki inaweza kuganda?

Inaweza. Mnamo Desemba 1759, katika baridi ya Saint Petersburg, Joseph Adam Braun akishirikiana na Mikhail Lomonosov waliigandisha zebaki kwa mchanganyiko wa theluji na asidi, wakaona kwamba inafulika kwa nyundo kama metali nyingine. Kabla ya hapo wapo wataalamu walioshuku kwamba umiminika ni sehemu ya asili yake isiyoondolewa na kitu. Mwaka 1911 zebaki iliyogandishwa ilileta ajabu nyingine: Heike Kamerlingh Onnes, huko Leiden, aligundua kwamba inapopozwa hadi karibu nyuzi 269 chini ya sifuri, ukinzani wake wa umeme hutoweka kabisa.

Kwa sababu ya kuganda huko pia, vipimajoto vya zebaki havifai katika maeneo yenye baridi iliyopindukia, na mahali pake hutumika vile vya alkoholi iliyotiwa rangi.

Kwa nini zebaki hujiviringisha kuwa matone badala ya kulowesha?

Atomi zake hushikana kwa unyonge zikilinganishwa na metali nyingine, lakini bado hushikana kwa nguvu kuliko zinavyoshikana na kioo au karatasi. Mvutano wa uso wake ni zaidi ya mara sita ya ule wa maji. Ndiyo maana katika mrija wa kioo uso wa zebaki hubenuka juu katikati, wakati uso wa maji hubonyea.

Densiti yake nayo hushangaza wanaoishika chupa yake kwa mara ya kwanza. Ni karibu gramu 13.5 kwa kila sentimita moja ya ujazo, kiasi kwamba chuma na hata metali ya risasi huelea juu yake. Uzito huo ndio uliomwezesha Evangelista Torricelli, mwaka 1643, kupima kanieneo ya hewa kwa safu ya zebaki ya milimita zipatazo 760. Kwa maji angehitaji mrija wa zaidi ya mita 10.

Na bromini je, inamiminika kwa sababu hiyohiyo?

Hapana, na hapa ndipo orodha ya elementi mbili inapopotosha, kwa kuwa inazifanya zionekane kama ndugu. Zebaki ni metali ya atomi mojamoja. Bromini si metali, nayo huundwa na molekuli za atomi mbilimbili. Ndani ya molekuli atomi zimefungana imara, lakini molekuli moja na nyingine huvutana kwa nguvu hafifu inayotokana na kuyumba kwa elektroni zake. Kadiri elektroni zinavyokuwa nyingi ndivyo mvuto huo unavyokua. Molekuli ya florini ina elektroni 18 na ya klorini 34, nazo ni gesi. Molekuli ya iodini ina 106, nayo ni yabisi inayoyeyuka katika nyuzi 113.7. Bromini ina 70, na imeangukia katikati. Huganda katika nyuzi 7.2 chini ya sifuri. Hapa hakuna haja ya nadharia ya uhusianifu; ni nafasi yake tu katika msururu wa halojeni, yaani familia ya florini, klorini, bromini na iodini.

Usidhani kwamba kwa kuwa ni kimiminika hutulia chupani. Hutoa mvuke mwingi wa rangi ya kahawia inayoelekea wekundu hata katika ubaridi wa chumba, na mvuke huo huunguza macho, koo na mapafu. Kimiminika chenyewe kikigusa ngozi husababisha vidonda vinavyochelewa kupona. Maabara zinazoitumia huweka karibu mmumunyo wa thiosalfeti ya sodiamu, ambao huigeuza bromini kuwa bromidi isiyo na ukali huo.

Nani aliigundua bromini?

Antoine-Jérôme Balard, kijana Mfaransa, ndiye aliyetangaza ugunduzi huo mwaka 1826 baada ya kupitisha klorini katika maji yaliyobaki kwenye mabwawa ya chumvi ya Montpellier. Carl Löwig, Mjerumani aliyekuwa bado mwanafunzi, alikuwa ameipata mwaka 1825 kutoka katika maji ya chemchemi ya Kreuznach, ila alichelewa kuchapisha. Aliyepata hasara ya kuchekesha zaidi ni Justus von Liebig, mkemia mashuhuri, aliyewahi kuletewa sampuli yake na kuibandika jina la kloridi ya iodini bila kuichunguza sana. Jina bromini linatokana na neno la Kigiriki lenye maana ya uvundo, na aliyewahi kuinusa hatalipinga.

Nimeona galiamu ikiyeyuka kiganjani. Kwa nini isihesabiwe?

Kwa sababu kiganja si chumba. Mwili wa binadamu una nyuzi zipatazo 37, na galiamu huhitaji 29.76 tu. Ukiirudisha mezani katika nyuzi 25, inapaswa kuganda. Nimesema inapaswa, kwa maana galiamu ina tabia ya kukaidi: inaweza kupoa chini ya kiwango chake cha kuyeyuka na kuendelea kumiminika kwa muda mrefu, hadi itakapoguswa na kipande kidogo cha galiamu iliyoganda. Mtu anayeiona katika hali hiyo huamini kabisa kwamba ni elementi ya tatu kwenye orodha, na kosa lake linaeleweka.

Kuyeyuka kwake mapema kuna sababu tofauti na zile za zebaki na bromini. Katika galiamu yabisi kila atomi ina jirani mmoja wa karibu mno, kisha wengine walio mbali zaidi, kana kwamba atomi zimeoana mbilimbili ndani ya metali. Mpangilio huo ni dhaifu na huvunjika kwa urahisi. Pia una nafasi wazi, hivyo galiamu ikiganda hutanuka kwa kadiri ya asilimia tatu, kama maji yanavyofanya. Kwa sababu hiyo haipendekezwi kuijaza katika chupa ya kioo. Huwekwa katika chombo cha plastiki kinachonyumbuka. Vilevile isiachwe karibu na vyombo vya alumini, kwani hupenya kati ya punje za metali hiyo na kuifanya ivunjike kwa vidole.

Galiamu ina heshima nyingine isiyohusiana na kuyeyuka. Dmitri Mendeleev aliitabiri mwaka 1871, na Paul-Émile Lecoq de Boisbaudran akaipata mwaka 1875. Mfaransa huyo alipima densiti ya 4.7, Mendeleev, ambaye hakuwa ameiona hata punje, akamwandikia kwamba inapaswa kuwa karibu 5.9. Sampuli iliposafishwa vizuri zaidi, Mendeleev akaonekana ndiye aliyesema kweli.

Je, siziamu nayo inaweza kuyeyushwa kiganjani?

Kamwe usijaribu. Siziamu hushika moto ikikutana na hewa na hulipuka ikikutana na maji, na ngozi ina unyevu. Huonyeshwa ikiwa ndani ya kichupa cha kioo kilichozibwa kwa moto, na joto la mkono hupita katika kioo na kuiyeyusha ikawa kimiminika chenye mng'ao wa dhahabu hafifu.

Fransiamu je?

Makadirio yapo yanayoiweka karibu na halijoto ya chumba, lakini ni makadirio tu. Fransiamu, iliyogunduliwa na Marguerite Perey mwaka 1939, ni nururifu, na nusu ya atomi za umbo lake linalodumu zaidi huoza ndani ya dakika 22 hivi. Kipande cha kuonekana kwa macho kingejivukiza kwa joto lake mwenyewe kabla hujakileta kwenye kipimajoto.

Kwa nini maji hayamo kwenye orodha?

Maji ni kampaundi ya haidrojeni na oksijeni, si elementi. Alkoholi, petroli na mafuta ya kupikia yanaondolewa kwa hoja hiyohiyo.

Vipi kuhusu aloi zinazomiminika?

Hizo, yaani michanganyiko ya metali, nazo si elementi, ila zinastahili kutajwa kwa kuwa mara nyingi huuzwa kama mbadala wa zebaki. Sodiamu na potasiamu, zote yabisi, zikichanganywa kwa kiasi cha asilimia 77 ya potasiamu huwa kimiminika hadi karibu nyuzi 12 chini ya sifuri. Galiamu ikichanganywa na indiamu na bati hutoa kimiminika kinachotumika katika vipimajoto vya homa visivyo na zebaki. Atomi za ukubwa tofauti hushindwa kujipanga vizuri katika umbo la yabisi, na kwa hiyo mchanganyiko huganda kwa shida kuliko kila metali ikiwa peke yake.

Zebaki ni sumu kwa namna gani?

Inategemea imeingia mwilini kwa njia gani na katika umbo gani. Zebaki ya metali ikimezwa, sehemu ndogo sana hufyonzwa na tumbo. Mvuke wake ukivutwa, karibu asilimia 80 hubaki mwilini na kufika hadi kwenye ubongo. Hatari zaidi ni zebaki iliyoungana na kaboni, hasa methili-zebaki, ambayo hujikusanya katika samaki. Huko Minamata, Japani, maji machafu ya kiwanda yaliingiza sumu hiyo katika samaki wa ghuba, na ugonjwa uliotokana nayo ulitambuliwa rasmi mwaka 1956. Mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, ulioanza kutumika Agosti 2017, umepewa jina la mji huo.

Kipimajoto cha zebaki kikivunjika nifanye nini?

Watoe watoto na wanyama chumbani, fungua madirisha, na funga mlango unaoelekea vyumba vingine. Usifagie, kwa kuwa ufagio huvunja matone kuwa madogo zaidi, na usitumie mashine ya kufyonza vumbi, ambayo huipasha zebaki joto na kuisambaza hewani. Vaa glavu, vua vito vya dhahabu kwa kuwa zebaki huungana nayo, kisha sukuma matone pamoja kwa karatasi ngumu na uyatie kwenye chombo chenye mfuniko. Matone madogo huonekana vizuri ukimulika tochi kwa ubavu karibu na sakafu, na huokotwa kwa utepe wenye gundi. Usiimwage kwenye sinki wala choo. Ipeleke kwa wanaohusika na taka hatari.

Je, orodha ya elementi mbili inaweza kuongezeka?

Inaweza, angalau kwenye karatasi. Kopernisiamu, elementi ya 112, iliundwa kwa mara ya kwanza Darmstadt mwaka 1996, nayo imekaa chini ya zebaki moja kwa moja katika jedwali. Hesabu zilizochapishwa mwaka 2019 zinakadiria kwamba ingeyeyuka karibu na nyuzi 10 na kuchemka karibu na nyuzi 67, na hivyo ingekuwa kimiminika chumbani. Fleroviamu, elementi ya 114, nayo imetabiriwa kuwa hivyo. Hata hivyo, elementi hizi huundwa kwa atomi chache kwa wakati mmoja, na atomi hizo huoza ndani ya sekunde. Atomi moja haiwezi kuitwa yabisi, kimiminika wala gesi, kwa kuwa hali hizo ni za kundi la atomi. Na kundi hilo bado halijapatikana.